Hodi ya Matumbwitumbwi

Shavu la kushoto ndilo lililotangulia. Mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa darasa la kwanza, alirudi kutoka shuleni akiwa amekilaza kichwa begani, dada yake amemshika mkono, na nilipomwuliza ana nini akasema mate yanamuuma. Mate! Nikadhani ni utundu wake tu. Dada yake ndiye aliyenifafanulia kwamba kila akimeza anasikia maumivu chini ya sikio. Nikamgeuza uso kwenye mwanga wa mlangoni. Shavu lilikuwa limejaa mpaka ndewe ya sikio imeinuka, na ngozi imevutika inang'aa.

"Mwalimu amesema nisiende tena mpaka lirudi," akasema, na niliona wazi kwamba jambo hilo halikumsikitisha sana.

Nilichofanya kwanza, kabla hata ya kumpa mgonjwa maji ya kunywa, ni kumvuta dada yake na kumpapasa shingo. Nilibonyeza huku, nikabonyeza kule. Hapa unasikia uchungu? Na hapa je? Akasema hapana. Nikamwambia ameze mate. Akameza. Meza tena. Akasema, "Mama, mate yamekwisha."

Binti yangu alikuwa darasa la nane, na mtihani ulikuwa umebaki majuma mawili na ushei. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu kutwa kucha mwaka ule. Sikutaka awe wa kwanza, wala sikutaka picha yake gazetini. Nilitaka akae kwenye dawati akiwa mzima, aandike anachokijua, aende sekondari. Hoteli niliyofanyia kazi kule Diani, katika chumba cha kufulia, ilikuwa imefunga nusu ya vyumba kwa kukosa wageni, na kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukitazamana kuona nani ataambiwa asirudi. Baba yao alikuwa ameambiwa hivyo mapema, akaenda Nairobi kutafuta kazi nyingine. Mwaka uliofuata sikujua tungekuwa wapi, Mwabungo tulikoishi au kwetu bara, shambani kwa mama yangu. Kwa hiyo mtihani ulikuwa mwaka ule au basi tena.

Kesho yake nilimpeleka mdogo zahanati. Daktari alimtazama mara moja akasema ni matumbwitumbwi, hayana dawa ya kuyafukuza ila ya kutuliza maumivu, apewe uji na vitu laini na asikaribiane na wenzake. Nikamwuliza habari ya dada yake. Akasema ugonjwa huo huweza kujificha mwilini zaidi ya majuma mawili bila kujionyesha, na kama walikuwa wakilala chumba kimoja, basi huenda tayari anao. Aliyasema hayo akiandika, bila kuinua macho, kama mtu anayekueleza bei ya sukari. Nilitoka pale na hasira naye, ingawa hakuwa amenikosea lolote.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa mwanamke mmoja wa Kidigo, mjane, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa, aliyekaanga mahamri kila alfajiri na kuyauza kando ya barabara kuu. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ng'ambo ya kijia, ikitazamana na yetu. Watoto walimwita bibi, mimi nilimwita mama.

"Shikamoo mama," nilimwambia jioni ile.

"Marahaba mwanangu. Na huyu bwana mdogo, mbona uso umekuwa andazi?" Akamshika kidevu, akamgeuza. "Ehe. Yenyewe haya. Lete sufuria." Akakwangua masizi chini ya sufuria, akayachanganya na mafuta kidogo, akampaka mashavu yote mawili, lililovimba na lisilovimba, kwa kuwa hilo la pili nalo, alisema, liko njiani. Mimi nilikuwa siamini masizi. Lakini mtoto alitulia kwa kupakwa, nami sikutia neno. Kisha nikamweleza lililokuwa likinichoma, habari ya binti yangu na mtihani wake.

"Basi na aje kwangu alale," akasema. "Mimi nishayapata zamani, hayanitaki tena. Kitanda kipo, taa ipo, asome. Na huyu mimi nitakaa naye alasiri ukienda kazini. Ila asubuhi, mwanangu, asubuhi sina. Asubuhi niko na mahamri yangu."

Kwa hiyo asubuhi ilikuwa yangu, na asubuhi ndiyo iliyonitoa jasho.

Kabla ya hapo sikuwa na shida yoyote ya kupeleka watoto shuleni. Walijipeleka. Watoto wa kijia chetu walikuwa wakitoka pamoja, kundi zima, na kiongozi wao alikuwa binti yangu kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara ya lami iendayo Lunga Lunga, na malori ya miwa ya kiwanda cha Ramisi yaliyokuwa yakipita hapo zamani yalikuwa yamewaachia wazee hofu isiyokwisha. Alikuwa akiwapanga ukingoni mwa lami, anawaambia shikaneni mikono, anatazama huku na huku, kisha anawavusha mbio. Akina mama walimpenda kwa hilo. Waliniambia, mwanao ana akili ya mtu mzima, nami nikivimba kichwa.

Habari za matumbwitumbwi zilipoenea, kundi likavunjika. Hakuna aliyenijia kuniambia kitu. Niliona tu asubuhi ya pili kwamba watoto wamepitia kijia cha nyuma, kule kwenye minazi, wakiongozwa na mama mmojawapo, na binti yangu amesimama na mkoba wake pale walipozoea kukutania, akingoja watu waliokwisha kwenda. Kumwacha aende peke yake haikuwezekana. Watahiniwa walitakiwa darasani kabla jua halijachomoza, kwa masomo ya ziada, kundi lote lilizoea kutoka naye saa hiyo, na njia ilikuwa bado na kiza.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mwaka uliotangulia kulikuwa na machafuko huku pwani ya kusini, watu wa bara wakifukuzwa majumbani, na sisi tulilala siku kadhaa na viatu miguuni. Wenzetu wengi walifunga virago wakaenda zao. Sisi tulibaki kwa sababu mama mwenye nyumba alikuja akaweka kiti mlangoni petu, akakaa, akasema kama kuna mtu ana shida na wapangaji wake amwambie yeye kwanza. Tangu wakati huo hakuna mtu mtaani aliyenitendea ubaya hata wa neno. Lakini masikio yangu yalikuwa hayajarudi kuwa kama zamani. Mlango ukifungwa kwa nguvu nilitaka kujua umefungiwa nani.

Basi ikawa lazima nimsindikize mkubwa, na mdogo sina wa kumwachia. Niliomba kazini nibadilishiwe zamu niingie mchana. Msimamizi wangu alikuna kichwa, akasema, "Sawa, lakini usizoee," na hiyo ikaisha. Lakini asubuhi nilibaki na watoto wawili, mmoja wa kumfikisha na mmoja wa kumtenga naye, na njia moja.

Nikatunga sheria. Binti mbele. Mimi katikati. Mgonjwa nyuma. Kati yangu na kila mmoja wao nafasi ya kutosha, na mtu asisimame, asirudi nyuma, asikimbilie mbele. Mgonjwa nilimfunga leso kuanzia kidevuni, nikaikaza fundo utosini, na mashavu yake meusi kwa masizi yakijaa pande mbili, kwa maana lile la pili nalo lilikuwa limefika kama alivyoahidiwa. Tukatoka hivyo. Waliotuona njiani sijui walifikiri nini. Tulikuwa kama watu watatu wasiojuana ambao kwa bahati mbaya wanaelekea mahali pamoja.

Shingo yangu ndiyo iliyoumia. Nikimtazama wa mbele, wa nyuma anakata kona na kunikaribia. Nikigeuka kumkemea wa nyuma, wa mbele amepunguza mwendo. Nilikuwa nikipiga kelele kwa pande mbili kama kondakta: wewe songa, wewe rudi! Mdogo alikuwa hajazoea kwenda shuleni bila mkono wa dada yake, na mkono wenyewe alikuwa akiuona ukining'inia mbele kule bila kazi. Alinung'unika. Nikamwambia anyamaze asije akajiumiza taya.

Siku iliyofuata wakapata njia yao. Binti alianza kujisomea kwa sauti huku akitembea, mambo ya historia na jiografia, majina ya mito na mazao, na mdogo kule nyuma akawa anarudia kila neno kwa mdomo usiofunguka vizuri. Dada anasema Athi, yeye anasema Athi. Dada anasema Galana, yeye anasema Galana. Nikawa natembea katikati ya mito ya Kenya nzima, wananipitishia maneno juu ya kichwa. Niliwaambia waache. Binti akajibu bila kugeuka, "Sauti haiambukizi, mama." Nikawaacha na mito yao.

Nilikuwa situlii. Naona aibu kidogo nikikumbuka jinsi nilivyokuwa. Nilimpapasa binti yangu shingo kabla ya kumvusha lami, nikampapasa tena jioni kwa mama mwenye nyumba kabla sijanawa sabuni ya kazini. Nilimtenga kikombe, nikamtenga taulo, nikaosha vitasa vya mlango kwa jiki niliyoomba hotelini. Nikiwa kazini, katikati ya mashuka ya wageni, mkono wangu ulikuwa unanijia shingoni wenyewe. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Kwani ni wewe mgonjwa?" Sikukumbuka kama niliyapata utotoni au la. Nilichokumbuka ni namna tulivyoyaondoa kwetu, na hapo ndipo nilipojitia matatani, kwa kusimulia.

Ilikuwa ni mchana, tukingoja ugali uive, na mama mwenye nyumba ananicheka kwa jinsi nilivyokuwa nikimpigia mtoto hesabu za shavu. Akasema mwajua nini nyinyi watu wa bara kuhusu haya. Nikamwambia tunajua sana. Kwetu mtoto akishikwa na matumbwitumbwi hufungwa nyasi shingoni, akatumwa kwenye boma la watu, akasimama nje akaita. Yeyote atakayeitika kutoka ndani, basi amekwisha kuyachukua. Mtoto anaivua ile nyasi, anaitupa mlangoni pale, anakimbia nyumbani bila kutazama nyuma, na kesho shingo imerudi.

"Kha!" akasema. "Na akiitikia mtu na shughuli zake?"

"Ndiyo maana kwetu watu wazima wanachungulia kwanza."

Akacheka mpaka akajipangusa macho na ncha ya leso. "Huku mngeua watu. Huku mtu akipigiwa hodi hakai nayo. Hata kama yumo chooni ataitika."

Mdogo alikuwa kwenye mkeka, tumemsahau, macho mawili juu ya leso.

Kuanzia hapo hakunipa nafasi. Nifungie nyasi. Mama, nifungie nyasi, nikapige hodi. Uji anausukuma. Dawa ya maumivu anaibana midomoni. Alikuwa amechoka, masikini. Usiku analia kwa sikio, mchana analia kwa dada yake, ambaye anamwona dirishani mwa bibi akisoma na hawezi kuvuka kijia kile amfikie. "Nikishapona si nitamshika mkono?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo. "Basi nifungie nyasi."

Jumamosi nikachoka mimi. Nilijiambia ni mchezo tu wa kumtuliza mtoto, na kwamba atafika mlango wa kwanza, jirani ataitika kwa kicheko, atupe nyasi yake arudi, ale uji. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikakata nyasi nyuma ya bafu, nikazisokota, nikamvika shingoni juu ya leso. Akanyooka kama askari. Nikamwambia mlango mmoja tu, mimi nasimama hapa.

Akaenda mlango wa kwanza. "Hodi!"

Kimya.

Nilijua wamo. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni, na redio, ambayo ilikuwa ikiimba alipokuwa anakaribia, ikazimwa. Akaita tena. Hodi. Kisha akanitazama. Nikampungia arudi, lakini yeye akaelewa kwamba namwambia aendelee, au akaamua kuelewa hivyo, akaenda mlango wa pili.

Hodi. Nikaona pazia linatikisika, na mkono wa mtu unalishika litulie.

Mlango wa tatu ulikuwa wazi kabisa. Alipofika ukafungwa, taratibu, kwa adabu, kama watu wanaofunga kwa sababu ya upepo. Hakukuwa na upepo.

Habari ya nyasi ilikuwa imetembea. Mama mwenye nyumba hakuwa mtu wa kukaa na kichekesho kama kile peke yake, na kufikia Jumamosi kijia kizima kilijua kwamba mtoto wa yule mama wa bara akija kupiga hodi, usiitike. Hilo nililitambua baadaye. Wakati ule nilisimama pale nikiwa na vipande vya nyasi mikononi, na lililonijia halikuwa la ugonjwa. Nilikuwa nimekaa Mwabungo miaka kadhaa, na sikuwa nimepata kusikia hodi ikikosa jibu. Hata zile siku mbaya za mwaka uliopita, nilipopiga hodi, niliambiwa karibu. Nikajisemea, kumbe. Nikajisemea, tutaondoka. Mtihani ukiisha nafunga vyombo, sikai hata siku moja mahali ambapo mtoto wangu anaita mlango baada ya mlango na watu wanabana pumzi wasisikike.

Nikaanza kwenda kumchukua. Alikuwa amefika mlango wa mwisho, nyumba ya mama mwenye nyumba, na sauti yake haikuwa tena ya askari. Taya zilikuwa zinamuuma na machozi yamechimba mistari kwenye masizi. Alisema hodi moja, ndogo, ambayo nusu yake ilibaki kwenye leso.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani.

Mtoto aliruka. Aliing'oa ile nyasi shingoni, akaibwaga kizingitini, akanipita mbio na mashavu yake yote mawili, macho mbele, asigeuke kamwe, na nikamsikia anaingia nyumbani akipiga kelele kwamba ameitikiwa. Mimi nikasimama kijiani nikapumua. Nikamshukuru mama mwenye nyumba moyoni mwangu kwa dua ndefu. Nikasema huyu ndiye mtu. Yeye alikwisha kuyapata, hakuwa na la kuogopa, na akaona aibu ya wenzake akaitika. Nikapiga hatua nikamshike mkono.

Nikamwona anatokea upande wa kisimani, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika begani.

"Kwema?" akaniuliza. "Mbona umesimama hivyo?"

Niliingia ndani mwake bila hodi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku moja. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kitabu mkononi, kidole bado kwenye ukurasa.

Nilimkaripia. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwuliza mimi nahangaika kwa ajili ya nani, natembea shingo imepinda kwa ajili ya nani, naosha vitasa kwa jiki mpaka vidole vinachubuka kwa ajili ya nani, na yeye anasimama hapa anayakaribisha kwa mdomo wake mwenyewe. Binti yangu hakuwa mtoto wa kujibizana. Alisubiri nimalize.

"Wewe huamini mambo hayo, mama," akasema. "Ulisema ni mchezo."

"Ndiyo, ni mchezo!"

"Basi mbona unatetemeka?"

Akakiweka kitabu kitandani, na hapo ndipo nilipoona kwamba naye alikuwa akilia. "Ameita milango yote," akasema. "Nilikuwa namsikia tangu wa kwanza. Ningemwacha aite mpaka lini?"

Mama mwenye nyumba alikuwa ametua ndoo mlangoni akatusikiliza. Aliiokota ile nyasi kizingitini kwa vidole viwili, akaitia motoni. Baadaye, nilipomweleza lile lililonipitia kichwani pale kijiani, alinipiga kofi la bega lenye uchungu halisi. "Nani awakimbie nyinyi? Watu wanakimbia matumbwitumbwi! Kila nyumba hapo ina mwanamume ndani, na wanaume hawayataki. Yakishuka kule chini, mwanangu, wewe ndiwe utakayewalipa?" Alisema ushirikina ni kitu kibaya na yeye haamini, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaonya wote. Kesho yake jirani wa mlango wa tatu aliniletea bakuli la maharagwe ya nazi na akakaa sana, akizungumza habari za mvua. Nilikula maharagwe.

Mdogo alipona. Mashavu yalishuka moja baada ya jingine, na hakuna awezaye kumwambia mpaka leo kwamba ni siku zake tu zilizokuwa zimefika. Mimi niliendelea kupapasa shingo ya mkubwa. Ilikuwa laini na baridi, asubuhi na jioni, juma zima, na nikaanza kulala. Siku ya kwanza ya mtihani niliipapasa kwa mara ya mwisho kabla hajaingia langoni, nikamwambia nenda.

Siku ya pili aliamka na shavu la kushoto.

Nitasema mapema ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi: aliimaliza mitihani yake yote, na sekondari alikwenda. Daktari alikuwa amekwisha kuniambia, na nilimwamini kwa shingo upande, kwamba yale yalikuwa yamo mwilini mwake tangu siku zile za kulala chumba kimoja, kabla ya nyasi na hodi. Lakini asubuhi ile sikuwa na daktari kichwani. Nilimfunga leso ile ile, nikamshika mkono, na huku mwingine nikamshika mdogo, kwa kuwa madarasa ya chini yalikuwa yamefungwa wakati wa mtihani na mahamri yalikuwa yako barabarani. Hapakuwa na mbele wala nyuma tena. Tulikwenda watatu bega kwa bega, na hakuna aliyetaja mito.

Mwalimu mkuu alimtazama, akatazama saa, akasema kama mtoto anaweza kushika kalamu basi ataandika, ila si pamoja na wenzake. Wakamwekea dawati kwenye stoo, kati ya majembe na ndoo za chokaa, na msimamizi mmoja akaenda ofisini kumletea karatasi zake. Tulimsindikiza mpaka hapo. Stoo ilikuwa imefunguliwa na ndani hamkuwa na mtu. Binti yangu akasimama kizingitini, shavu limemkaza, rula na penseli vimefungwa kwa mpira, na kwa malezi ya pwani yaliyokwisha kumwingia akabisha mlango wa chumba kitupu.

"Hodi," akasema, kwa taabu.

Nilifungua mdomo nimwambie aingie tu. Sikuwahi. Mdogo wake alichomoa mkono wake kutoka wangu, akampita dada yake mlangoni, akajipenyeza ndani mpaka kwenye majembe, akageuka akamtazama.

"Karibu!" akasema, kwa sauti iliyofika langoni.

Dada yake akaingia, akaketi. Mimi na mdogo tukarudi nyumbani, na njia nzima alikuwa amejishika shavu, akingoja lianze kuuma.